Naomba ushauri: sisimizi wanawalinda wadudu magamba kwenye kahawa

Ndugu wakulima wenzangu, habari za kazi. Katika kihamba changu cha migomba na kahawa, Old Moshi, mibuni kumi hivi imevamiwa na wadudu magamba, na majani yake yamefunikwa na ukungu mweusi kama masizi ya jikoni. Nimetazama kwa karibu: sisimizi wanawagusagusa kwa vipapasio vyao, wananywa majimaji matamu wanayoyatoa, kisha wanawafukuza wale wadudu wekundu wenye madoa meusi ambao huwala. Nilipopuliza dawa, wawindaji hao walikufa, na wadudu magamba wakarudi wengi kuliko mwanzo. Jambo hilo limeniumiza sana.

Je, nikizungushia shina utepe uliopakwa grisi ili sisimizi wasipande, wawindaji watarudi wenyewe? Na matawi yanayogusana na migomba niyapogoe kwanza?