Mjadala: Ukuta wa bahari Forodhani uzungushiwe vyuma au uachwe wazi?

Assalaam alaikum ndugu zangu. Kila ikivuma habari ya mtu kuteleza ukutani akaangukia baharini, husikika hoja moja: wekeni vyuma kimo cha kifua, kuanzia Forodhani mpaka Mizingani, ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, tuwe na amani. Mimi napinga. Ila sipingi kwa ubishi, kwa sababu wengi wanaosema hivyo ni wazazi, na mtoto wa miaka mitatu hajui nchi kavu inaishia wapi.

Tuanze na mahali penyewe. Bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya 2009, baada ya Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni kuikarabati pamoja na ukuta wake. Jioni maji yakijaa, vijana wa makachu hupiga mbio wakajirusha, huyu kichwa mbele, yule kajikunja kama mpira, na watu wamejaa pembeni wakiwashangilia. Nyuma yao makaa yanawaka, mishikaki inageuzwa. Kuna waliokaa ukingoni miguu inaning'inia, wana sahani ya urojo mapajani. Kwa watu hao ukuta ule ni baraza. Na sisi wa Mji Mkongwe tunaijua baraza, kile kikalio cha mawe mbele ya nyumba: imejengwa na mwenye nyumba, lakini mpita njia akichoka anakaa, haulizwi. Ukipachika vyuma pale umewaondolea watu kikao kirefu kuliko vyote mjini, na utakuwa umeweka kitu mbele ya bahari katika mji ulioingia kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, mji ambao uso wake unatazama bahari.

Tena vijana hawataacha kukaa. Watakalia juu ya bomba la vyuma, mita moja zaidi kutoka chini, kwenye kitu chembamba kilicholowa chumvi. Hapo umeongeza hatari au umeipunguza?

Ndugu mmoja amejibu kwamba Uingereza vizuizi vya majengo vinatakiwa kufika milimita 1,100 kwenye roshani, na nafasi kati ya fito isipitishe mpira wa milimita 100, ili kichwa cha mtoto kisipenye. Kipimo hicho kizuri, na pale tutakapoweka vyuma nakitaka hicho hicho. Lakini ni kipimo cha majengo. Bandari nyingi za zamani duniani zina kingo wazi hadi leo, kwa kuwa vyombo hufunga pale na watu hupanda na kushuka.

Halafu kuna chumvi, na hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linalosahaulika siku ya kukata utepe. Nimewahi kupiga goti kukagua nguzo za uzio wa ufukweni uliokuwa bado mpya machoni. Juu rangi inang'aa. Chini, pale nguzo inapoingia kwenye zege, rangi imetoka malengelenge. Nilibonyeza moja kwa kidole gumba, likapasuka, likamwaga unga mwekundu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inapasua na zege yenyewe. Mtu akiegemea uzio wa namna hiyo kwa imani, ni afadhali usingekuwepo, maana ukingo ulio wazi kila mtu anauheshimu. Kama ni lazima, kiwe chuma cha pua kisichoshika kutu upesi, daraja la 316, chenye molibdeni (metali inayokisaidia kuhimili chumvi), si 304 ya masinki ya jikoni. Nacho kioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, na kisifungwe kwa bolti za gavanaizi, yaani zilizopakwa zinki, kwani metali mbili zikikutana kwenye maji ya chumvi, iliyo dhaifu huliwa kwanza. Je, bajeti ya kuosha imo kwenye mchoro?

Sasa nilipokubali. Bahari yetu wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka karibu mita 4. Pale ambapo saa kumi alasiri kijana alijirusha salama, saa nne usiku pana mchanga na mawe. Mahali pa namna hiyo, na kwenye vichwa vya ngazi za kushukia majahazi, na sehemu ya watoto kuchezea, vyuma viwekwe, tena imara. Na kibao chenye alama za kina, kilichochorwa ukutani, kisomeke kwa Kiswahili kabla ya lugha nyingine.

Kuhusu viti, wapenzi wa baraza wenzangu mnisamehe. Nilimpeleka mama yangu pale, magoti yake hayana nguvu tena. Kukaa alikaa. Kuinuka ndiyo ilikuwa kazi: hakuna mgongo, hakuna mkono wa kushika, akanishika bega mara mbili, ya tatu ndipo akasimama. Baraza ya mawe na chokaa ni yetu, lakini kila hatua chache pawe na kiti cha kimo cha sentimita 45 hivi, chenye mgongo na mikono, kwa mbao za mvule, na pembeni yake nafasi ya kiti cha magurudumu. Visigeuzwe vyote kwenda baharini. Wazee wetu wanapenda kutazama watu.

Kwa mafundi mlioko humu nina ombi moja, ngazi za ukutani. Zifike chini kabisa, mpaka mchangani, na maboya ya kuokolea yawe karibu nazo. Ngazi inayokatikia katikati ya ukuta inamfaa muogeleaji maji yakijaa tu. Yakishapwa nusu, aliyechoka anaiona juu ya kichwa chake na mkono haufiki. Nani amewahi kutengeneza za namna hiyo, na alizifunga vipi kwenye jiwe la matumbawe bila kulipasua?