Kuchomelea kwa kutembea na bajeti finyu: inverta, transfoma kuukuu au jenereta?

Rodi_Kasarani
Wadau, nimekuwa msaidizi kwenye karakana ya mtu Kariobangi Light Industries, sasa nataka kujitegemea na kuwafuata wateja walipo: grili, bawaba za geti, ngazi. Nina elfu 35 na hakuna nyingine inayokuja. Ninunue inverta nzuri, ile mashine ndogo nyepesi ya kuchomelea, nitumie stima ya mteja? Au transfoma kuukuu, ile mashine nzito ya kizamani, ya jamaa anayefunga kazi? Au inverta ya bei ya chini kabisa, pesa zingine ziende kwa jenereta ya mtumba ya kVA 2.5 (kipimo cha nguvu ya umeme)?

Juma Grili
Transfoma haifi, hilo sibishi. Lakini hebu ipandishe ghorofa ya sita Pipeline halafu uniambie. Inverta inaingia kwenye begi, unapanda nayo boda. Tena transfoma inakula tokeni, na mteja huwa anachungulia mita hata kabla hujamaliza rodi ya kwanza, yaani kile kijiti cha kuchomelea.

Mzee wa Tubu
Kijana, umetaja mashine tatu na hujataja waya hata mara moja. Soketi ya ukutani ni ampea 13. Rodi ya milimita 2.5 kwa ampea 80 hivi inakaa kwenye mpaka huo, na inatosha kabisa kwa tubu (mabomba ya chuma) za geji 16, yaani chuma chembamba cha milimita 1.5 hivi, ambazo ndizo kazi nyingi za grili. Ukitia ya 3.2 hapo, fyuzi ya plagi inakatika au plagi yenyewe inaanza kunuka. Ekstensheni iwe ya milimita 2.5 za mraba, si hizi nyembamba za kuchajia simu, na uikunjue yote hata kama mteja yuko karibu. Ikibaki kwenye roli inapata moto. Mafundi wengi wanalaumu mashine kwamba rodi inaganda, kumbe stima imeishia njiani.

Dada Chuma
Mnaongea kama kila mteja ana stima. Mimi kazi zangu ni Ruai na Kamulu, ploti tupu, mwenyewe anataka geti kabla hata ya msingi. Huko bila jenereta hupati kitu.

Rodi_Kasarani
Kwa hiyo dada, ile ya kVA 2.5 niichukue?

Dada Chuma
Hapana! Hiyo rodi ya 2.5 aliyotaja mzee inataka karibu kVA 3 ikiwa inawaka. Jenereta yako itakohoa kila ukigusa chuma, na volti zikiyumba hivyo inverta ndiyo itaumia. Angalau kVA 5, na hiyo elfu 35 haikupi pamoja na mashine. Mimi nilianza kwa kukodi ya siku, nikaweka gharama kwenye bei ya kazi na kuomba dipo, malipo ya mbele, kabla ya kuondoka nyumbani. Mteja wa ploti anaelewa.

Juma Grili
Basi inverta, waya, grainda ya inchi nne na nusu, na jenereta ya kukodi. Zinazobaki, nunua kofia ya kuchomelea ya maana. Kioo kiwe namba 10 au 11. Miwani ya jua si kioo cha kuchomelea, hata kama jirani yako pale Gikomba anaitumia. Usiku macho yatajaa mchanga.

Mzee wa Tubu
Na bomba la mabati usilichome hivyo hivyo. Kwangua kwanza ile zinki iliyopakwa juu, moshi wake unaleta homa, na kaa upande unaotoka upepo. Habari ya kunywa maziwa tuliambiwa sote. Hayazuii homa ya moshi ule, ingawa mimi bado nayanywa kwa chai.

Rodi_Kasarani
Nimewasikia. Dukani nitajuaje inverta iko sawa? Zote zimeandikwa ampea 200.

Mzee wa Tubu
Hiyo namba ya ubavuni usiiamini. Nenda na rodi zako na kipande cha tubu, mwambie muuzaji achomeke mashine, uchome rodi tatu mfululizo pale pale. Akikataa, pita duka linalofuata.