Mrejesho: nguvu halisi ya amplifaya ya gari

Ndugu zangu, niliuliza kama amplifaya ya gari iliyoandikwa wati 1,500 inaweza kweli kuzitoa, nanyi mkanishauri nianzie kwenye fyuzi. Fyuzi yake ni ya ampea 30. Ukizidisha kwa volti 13.8, za gari injini ikiwaka, unapata wati 414 za kuingia, kwa hiyo maandishi yale yalikosa msingi hata kabla ya kupima.

Fundi mmoja wa Kizota, hapa Dodoma, alinisaidia kwa uangalifu mkubwa: tuliondoa spika, tukafunga rezista kubwa ya omu 4, tukapitisha mlio mmoja wa hezi 50, kisha tukaongeza sauti hadi osiloskopu (kifaa kinachochora umbo la wimbi la umeme) ilipoonyesha kwamba vilele vya wimbi vinakaribia kukatika. Hapo tulipata volti 26 za RMS (kiwango cha volti kinachotumika kukokotoa nguvu), yaani wati 169, huku amplifaya ikivuta ampea 22 kwa volti 12.9, takriban wati 284. Ufanisi ni karibu asilimia 60, jambo la kawaida kwa daraja AB, aina ya saketi ya amplifaya hii. Daraja D, aina inayowasha na kuzima transista kwa kasi, lingeweza kuzidi asilimia 80.

Wati 115 zinazobaki ni joto tupu, na kwa jua letu hili nimeamua kuihamisha amplifaya kutoka chini ya kiti hadi penye hewa.