Niko peke yangu wilayani: mtoa tiba kwa vitendo aanzie wapi katika kukuza afya?

Mtoa tiba wa Kusini
Ndugu wanataaluma, nawasalimu. Huu ni mwaka wa tatu nikiwa mtoa tiba kwa vitendo (occupational therapist), yaani anayewasaidia watu kuzimudu shughuli zao za kila siku, na niko pekee katika hospitali ya wilaya, kusini mwa Tanzania. Wengi ninaowapokea wamepata kiharusi, na kila ninapomfundisha mzee kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja huumia moyoni kwamba tumekutana baada ya kuanguka, si kabla. Nimemwomba mganga mfawidhi ruhusa ya kwenda vijijini siku moja kwa wiki, naye akaniuliza, kwa haki kabisa, nitafanya nini huko ambacho mhudumu wa afya ngazi ya jamii hakifanyi. Sikuwa na jibu la kutosha, na hapa sina mwenzangu wa fani hii wa kushauriana naye. Naomba msaada wenu.

Mkufunzi, Moshi
Ndugu yangu, swali la mfawidhi lina jibu. Mkataba wa Ottawa wa 1986, tamko la kimataifa kuhusu kukuza afya, unaeleza kwamba afya hujengwa pale watu wanapoishi siku zao: wanapojifunza, wanapofanya kazi, wanapocheza na wanapopendana. Mhudumu wa jamii humwambia mtu apunguze chumvi na afanye mazoezi. Wewe huangalia siku yake inavyokwenda tangu alfajiri na kutafuta ni wapi ushauri huo unaweza kuingia bila kumvurugia riziki.

Mpelekee pia utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kutoka Los Angeles, uliohusisha wazee 361 wanaojitegemea, kwa muda wa miezi 9. Kundi moja liliongozwa na watoa tiba kwa vitendo kuchambua na kupanga upya shughuli zao, la pili lilikutanishwa kwa michezo na mazungumzo tu, la tatu halikupewa chochote. Kundi la pili halikulizidi la tatu; walionufaika ni wale wa kwanza. Kwa hiyo kuwakusanya wazee chini ya mwembe hakutoshi, ingawa ndiko tunakoishia mara nyingi.

Mtoa tiba, Tanga
Naongeza niliyoyaona mwenyewe. Mama mmoja anayepika wali wa nazi wa kuuza alikuwa ameambiwa kwamba dawa ya mgongo wake ni kupumzika, jambo asiloliweza. Nilikwenda kwake saa kumi na moja alfajiri, nikakaa kimya nikimtazama. Mbuzi yake ya kukunia nazi ilikuwa fupi mno, magoti yakimfika karibu na kifua, na bakuli la vifuu lilikuwa nyuma ya bega la kushoto, hivyo kila nazi ilimlazimu kujipinda mara mbili. Fundi seremala aliinua mbuzi ile juu ya kibao, bakuli tukalileta mbele, na nusu ya nazi akaanza kuzikuna jioni kijana wake. Baada ya wiki chache alirudi kwenye kikao cha kikoba alichokuwa amekiacha kwa sababu ya maumivu, na majirani zake wawili wakaja kuomba kibao kama hicho. Sikutoa hotuba yoyote.

Tabibu wa Mombasa
Kuhusu upweke wa kazi, dada: wachache wetu, wa Kenya na Tanzania, tunakutana kwa simu mara moja kwa mwezi, na kila mara mmoja huleta kisa kimoja tu, akieleza kazi yenyewe, mahali, vifaa, alichobadilisha na, la muhimu zaidi, kilichoshindikana. Hatutumi sura wala majina ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu ninyi, na sisi tuna yetu ya 2019, lakini hata bila sheria aibu ya mgonjwa ni amana. Makundi yanayojaa mabango kila tarehe 27 Oktoba, siku ya tiba kwa vitendo duniani, hayajanisaidia hata mara moja kumhudumia mtu. Karibu ujiunge.

Mtoa tiba wa Kusini
Nashukuru sana, wakubwa zangu. Nitamwomba mfawidhi asubuhi moja tu kwanza, niende kuwatazama kina mama wanaobangua korosho majumbani, ambao mafuta ya maganda huwaunguza vidole na hukaa chini sakafuni kutwa. Kisa changu cha kwanza kitakuwa hicho, na nitakileta kwenu kabla sijapendekeza lolote.