Breki za trela kuukuu ya boti: kukarabati dramu, kuhamia diski au kubadili ekseli nzima?

Mwanzilishi wa mada, Kilifi
Wenzangu, hamjambo. Nina trela ya boti yenye ekseli moja, iliyoletwa kutoka Uingereza zaidi ya miaka 20 iliyopita. Uzito wake pamoja na boti ya faiba na injini ni kilo 1,300 hivi. Breki zake ni za dramu zinazovutwa kwa waya: gari likipunguza mwendo, trela hukisukuma kichwa cha kuunganishia, wenzo huvuta fimbo, na fimbo huvuta nyaya mbili zinazotanua viatu vya breki ndani ya dramu. Wiki iliyopita, tulipokuwa tukiteremka kuelekea daraja la Mtwapa, niliisikia ikilisukuma gari kana kwamba haina breki kabisa. Nilipofungua dramu ya kushoto, ilinimwagia mkononi unga mwekundu wa kutu, na springi moja ilikuwa imekatika vipande viwili. Naona njia tatu: kukarabati dramu zilizopo, kuhamia breki za diski za haidroli (zinazosukumwa na mafuta badala ya waya), au kununua ekseli mpya yenye breki zake. Naomba waliopitia haya wanisaidie kulinganisha.

Fundi wa trela, Mombasa
Ndugu, kabla hujanunua chochote, ichunguze ile sahani ya nyuma inayobeba viatu. Ukiichokoa kwa bisibisi ikatoboka, ukarabati utakuwa ni kutupa fedha; lakini ikiwa bado ni ngumu, viatu, springi na nyaya mpya zitakurudishia breki kwa gharama iliyo chini ya njia nyingine zote mbili. Kikague pia kichwa chenyewe. Kisukume kwa mkono, na kikiingia ndani kwa urahisi bila kukupinga, shokamzoba yake imekufa, na trela itakuwa ikigonga kwa kishindo kila ukikanyaga breki, hata viatu viwe vipya.

Urekebishaji uanzie magurudumuni, kamwe usianzie kwenye fimbo. Inua kwa jeki, zungusha gurudumu kuelekea mbele tu, kaza kirekebishi mpaka gurudumu ligome, kisha kilegeze kidogo kidogo mpaka lizunguke huru. Wengi hukaza fimbo ili kuficha viatu vilivyolegea, na siku ya kurudi nyuma kushusha boti, breki hujifunga na trela haisogei. Jambo la mwisho: viatu vya zamani huenda vina asbesto, kwa hiyo vumbi lake ulilowanishe kwa maji, usilipulize kwa kompresa.

Nahodha, Watamu
Mimi nilihamia diski miaka minne iliyopita, na kwa upande wa chumvi sina malalamiko, kwa sababu diski iko wazi na mpira wa maji unaifikia kote, ilhali dramu hubaki na maji ya bahari tumboni mwake. Hata hivyo, mzigo wake ni mkubwa kuliko nilivyodhani. Kichwa kilibadilishwa kikawa chenye masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki, mabomba yakapitishwa kwenye fremu, na ikabidi iwekwe vali ya kuzuia breki wakati wa kurudi nyuma, maana diski hazitofautishi mbele na nyuma. Mafuta ya breki ya kawaida nayo hunyonya unyevu, hivyo huyabadilisha kila mwaka. Mwaka jana pistoni ya kalipa moja (kile kibanio kinachoikaba diski) ilikwama, na kwa kuwa maduka ya vipuri vya magari hayana kalipa ya aina hiyo, boti ilikaa nchi kavu miezi miwili, tena katika msimu mzuri wa samaki.

Mvuvi, Kisumu
Sisi wa ziwani hatuna chumvi, na dramu zangu zimedumu. Kilichoniumiza ni kuegesha trela mvua zote za masika nikiwa nimefunga breki ya mkono. Viatu viligandamana na dramu. Siku hizi naweka kabari za mbao na kuiachia breki.

Fundi wa trela, Mombasa
Mzee wa Kisumu amesema kweli. Naongeza kwamba ukifika ufukweni, usitumbukize magurudumu yakiwa bado ya moto kutokana na safari, kwa kuwa hewa iliyo ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, hupoa ghafla, hunywea, na kuvuta maji kupitia sili mpaka kwenye beringi. Subiri hadi uweze kuishika habu kwa kiganja. Kuhusu ekseli mpya, hiyo ninaishauri pale tu ya zamani inapokuwa imeoza, na lazima uwezo wake ulingane na kichwa ulicho nacho. Kichwa cha trela nzito hakifanyi kazi ipasavyo na breki za trela nyepesi.

Mwanzilishi wa mada, Kilifi
Ahsanteni. Nimechokoa sahani zote mbili na hazikutoboka, kwa hiyo nitabaki na dramu. Nimeagiza viatu, springi, nyaya na shokamzoba, pamoja na viungio viwili vya mpira wa maji vya kufunga kwenye sahani ili nizisuuze dramu kwa ndani kila nikitoka baharini. Dramu ya kulia bado haijatoka; tangu jana naigonga kwa nyundo ya mpira, na leo asubuhi imesogea kiasi cha unene wa ukucha.