Tumpime kiongozi kwa barabara, ama kwa vile alivyoiacha tume ya uchaguzi?

Jamani Wakenya, tuongee hii kitu kabla tarehe 10 Agosti 2027, siku ya uchaguzi mkuu, haijatufikia. Kwa kinyozi, kwa matatu, hata kwa matanga, watu wetu wanapima viongozi kwa vitu viwili, barabara na bei ya unga. Huyu alijenga, yule hakujenga, kesi imeisha. Mimi nasema kuna kipimo kinatangulia hivyo vyote na hakitaki digrii: alipokuwa na nguvu ya kuiguza tume ya uchaguzi, aliifanyia nini?

Nianze na Mzee Kibaki, aliyekuwa rais 2002 hadi 2013, kwa sababu anasifiwa sana, na mimi pia namsifu, 2003 alipofanya shule ya msingi kuwa bure mdogo wangu alikuwa nyumbani anachunga mbuzi za watu na akarudi darasani mwaka huo huo, hiyo sitaisahau hadi kaburini. Lakini kulikuwa na makubaliano ya 1997, yale ya IPPG, kikundi cha wabunge wa vyama vyote, kwamba vyama vya upinzani navyo vitapendekeza makamishna wa tume. Haikuwa sheria, ilikuwa ni neno waungwana wamepeana. Kuelekea uchaguzi wa 2007 akateua watu wake bila kuwauliza upinzani. Tarehe 30 Disemba Kivuitu, mwenyekiti wa tume, akamtangaza mshindi, siku chache baadaye Kivuitu huyo huyo akawaambia waandishi kwamba hajui kama Kibaki alishinda. Watu zaidi ya 1,100 wakafa, mamia ya maelfu wakatoroka makwao. Halafu jaji Kriegler kutoka Afrika Kusini akaletwa kuchunguza, na ripoti ikasema mambo yaliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Soma hiyo mara mbili. Haikusema fulani aliiba, ilisema haiwezi kujulikana, kwa hivyo kuna mtu alizikwa Eldoret na mwingine Naivasha kwa sababu ya hesabu ambayo hakuna binadamu atawahi kuimaliza. Thika Road, barabara kuu aliyoijenga, ni nzuri, napita huko, lakini haiwezi kufuta hiyo.

Sasa kuna jamaa tunabishana naye kila siku anasema tume ni bure tu, hata uweke malaika watanunuliwa, mshindi anaamuliwa Nairobi kabla hujaamka kupiga foleni. Namwelewa, ameumia mara nyingi. Lakini 2022 nilikuwa karani kwenye kituo kimoja cha shule ya msingi na nataka niwaambie nilichokiona kwa macho. Tulifunga saa kumi na moja jioni, tukaanza na kura za rais, zile karatasi nyeupe. Msimamizi anainua moja, anaonyesha ajenti wote, anasoma jina, inawekwa kwa bunda lake. Taa ilikuwa ya sola na ilikuwa inafifia. Kura moja mtu alikuwa ameweka alama katikati ya mstari, ikabishaniwa karibu nusu saa na mwishowe ikawekwa kando na ajenti wote wakakubali. Fomu 34A, ile ya matokeo ya rais ya kila kituo, ikajazwa, wakatia sahihi, nakala ikabandikwa mlangoni, kisha msimamizi akatoka na ile mashine ya KIEMS, ya kutambua wapiga kura na kutuma matokeo, akasimama juu ya kichuguu nyuma ya choo cha shule akitafuta netiweki ili picha ya fomu iende. Ilienda saa sita usiku kupita. Asubuhi nilipofungua simu nikaipata kwa tovuti ya tume, sahihi zile zile, hata alama ya kidole cha wino pale pembeni.

Vituo vilikuwa 46,229 na fomu zao ziliwekwa wazi, mwenye bando na subira angeweza kujumlisha mwenyewe, na magazeti na televisheni walijumlisha. Ndio maana makamishna wanne kati ya saba walipojitenga na matokeo ya mwenyekiti wao Chebukati, nchi ikasimama kwa wasiwasi lakini haikuungua. Ruto alipewa asilimia 50.49, Raila 48.85, tofauti ya kura kama 233,000, wakaenda Mahakama ya Juu na tarehe 5 Septemba majaji wakaacha matokeo yasimame. Unaweza kukataa uamuzi, mimi nina rafiki mpaka leo hakubali, lakini tunabishana juu ya karatasi ambazo sote tunaweza kuzifungua. 2017 haikuwa hivyo, fomu nyingi zilikuwa hazijafika mshindi akitangazwa, mahakama ikaiambia tume ifungue seva, kompyuta zinazotunza matokeo, na tume haikutii ipasavyo, basi Jaji Mkuu Maraga na wenzake wakaufuta uchaguzi. Na Uhuru, rais aliyekuwa ametangazwa mshindi, hapo nampa alama mbili tofauti: alisema hakubaliani lakini ataheshimu, nzuri, halafu siku hiyo hiyo akasimama mbele ya watu akawaita majaji wakora. Neno la rais si neno la mtu wa kijiweni, polisi wanalisikia na vijana wa mtaa wanalisikia.

Sasa tufike kwa hawa wa leo maana hapo ndipo naumia. Chebukati na wenzake wawili waliobaki walimaliza muda wao Januari 2023. Makamishna wapya wakaapishwa Julai 2025. Miaka miwili na nusu nchi ya watu milioni hamsini haina kamishna hata mmoja! Mipaka ya maeneo bunge ilifaa ipitiwe kabla ya Machi 2024, tarehe ikapita hivyo hivyo. Mbunge wa Banissa, Mandera, alifariki Machi 2023, katiba inasema uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90, watu wa Banissa wakapiga kura tarehe 27 Novemba 2025. Na msiniambie ni serikali pekee, upinzani nao waliingia ukumbi wa Bomas, Nairobi, kwa yale mazungumzo na serikali ya 2023 wakataka jopo la kuteua makamishna libadilishwe, miezi ikaenda, sheria ikatiwa sahihi Julai 2024, halafu kesi mahakamani, halafu tena kesi. Kila upande ulikuwa na sababu yake na hakuna aliyekuwa na haraka, kwa sababu aliyekosa mwakilishi ni mfugaji wa Mandera, si wao.

Kwa hivyo mtu akiniambia fulani achaguliwe tena kwa sababu ya nyumba za bei nafuu, ama yule mwingine arudishwe kwa sababu ya reli, mimi namuuliza kwanza, alikuwa wapi hiyo miezi thelathini, alisema nini, alisukuma nini? Hapo ndipo alama zangu zinaanzia.

Najua wengi hamtakubaliana na mimi, mtasema mwenye njaa hali fomu 34A, leteni hoja zenu. Lakini nawaomba watu wa Banissa hasa waongee, mtuambie mliishi vipi bila mbunge muda wote huo, pesa za CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, zilikuwa zinaamuliwa na nani, na basari za watoto mlikuwa mnaenda kulilia kwa ofisi gani.