Naomba ushauri: dojinshi na michezo ya mitumba Tokyo kwa yeni 10,000

Mkaazi_Saitama
Habari zenu wakuu. Niko Japani kimasomo. Nimetenga yeni 10,000 za dojinshi za mitumba, vile vitabu vyembamba vya katuni wanavyochora na kuchapisha mashabiki wenyewe, pamoja na michezo ya kompyuta ya vikundi vidogo. Nataka hasa vya Touhou, ule mfululizo wa michezo ya kompyuta, vya miaka ya 2000. Kwenye maduka ya mtaa wa Akihabara bei zimenichanganya: kitabu kimoja yeni 200, cha pembeni yake 4,000, na unene ni uleule. Nianzie wapi, na nijihadhari na nini nisije nikapigwa? Vingine namtumia mdogo wangu Dar.

Mzee_wa_Chuo_Line
Anza Nakano Broadway, mkuu. Ukipanda treni ya haraka ya reli ya Chuo (Chuo Line) kutoka Shinjuku ni kituo kimoja tu. Mandarake, kampuni ya maduka ya mitumba ya katuni, ilianzia humo mwaka 1980, na sasa maduka yake yametapakaa jengo zima, kila moja na bidhaa zake.

Bei inapangwa na uhaba. Kikundi kinachapisha nakala chache za kuuza Comiket, lile soko la Agosti na Desemba pale Tokyo Big Sight, na zikiisha mara nyingi ndiyo basi. Kwa hiyo fuata jina la kikundi, siyo jalada. Vitabu vimefungwa kwenye plastiki, huwezi kufunua ndani, hivyo majina uwe nayo kwenye simu kwa Kijapani. Bahati yako, Touhou imechorewa vitabu vingi mno kwa sababu mwenyewe ZUN, mtengenezaji wa michezo hiyo, anaruhusu mashabiki watengeneze na kuuza. Vya yeni 100 hadi 300 utavikuta vya kutosha. Kabati za vioo zipite tu.

Dada_Ikebukuro
Naongezea jambo ambalo kwangu ni kubwa. Kabla hujatoa 4,000, tafuta kikundi hicho kwenye tovuti za BOOTH au DLsite. Wapo wachoraji ambao bado wanauza kazi zao za zamani kwa bei ya kawaida, na hapo pesa inamfikia aliyechora. Ukinunua mtumba hapati hata yeni moja. Mtumba ni wa kile ambacho hakiuzwi tena popote. Na linganisha bei kwenye tovuti ya duka la mitumba la Suruga-ya ukiwa bado dukani.

Mkaazi_Saitama
Asante sana dada, BOOTH sikuifikiria kabisa. Na michezo je? Naogopa CD mbovu.

Fundi_Diski
Una haki ya kuogopa. Vikundi vidogo vingi vilichoma CD zao wenyewe, na CD ya kuchoma huharibika kwa umri hata kama haina mkwaruzo. Mwombe muuzaji akuonyeshe upande wa chini: ukiwa na rangi ya kijani au bluu, ni ya kuchoma, basi usiilipie bei kubwa. Iliyochapwa kiwandani ni ya fedha tupu. Kitu kilichoandikwa janku, yaani kinauzwa kama kilivyo bila dhamana, hakirudishwi, hata kisipowaka.

Ukifika nyumbani, nakili diski yote kwenye kompyuta siku hiyohiyo. Kisha kwenye Windows badilisha lugha ya mfumo (system locale) iwe Kijapani, la sivyo maandishi yatatoka vurugu au mchezo utagoma kufunguka.

Michezo mitano ya kwanza ya Touhou ilikuwa ya kompyuta za zamani za Kijapani za PC-98, kwenye flopi. Achana nayo kwa bajeti hiyo. Ya Windows, kuanzia ule wa sita wa mwaka 2002, ndiyo size yako.

Mama_Forodha
Kuhusu mdogo wako: dojinshi nyingi ni za watu wazima, na jalada linaweza kuonekana la kawaida kabisa. Tafuta alama ya R-18 au 18禁. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inapiga marufuku kuingiza picha za ngono, ziwe kwenye kitabu au kwenye diski. Kagua kila kitu mwenyewe kabla ya kufunga kifurushi, na fomu ya posta ijaze kwa ukweli.

Mkaazi_Saitama
Nimeelewa mama. Nakano naenda katikati ya wiki. Ila naomba mnitajie vikundi ambavyo vitabu vyao vinafaa mtoto wa miaka kumi na tatu asiyesoma Kijapani, picha zenyewe zijitosheleze.